Kuipeleka Porsche 911 Nürburgring kwa Trela: Kumbukumbu za Safari na Hesabu za Uzito

Jumatatu

Gari linalosafirishwa ni Porsche 911 ya kizazi cha 996, na mwisho wa safari ni uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, kwenye milima ya Eifel nchini Ujerumani, ambako Jumamosi kuna siku ya mazoezi uwanjani. Tunaanzia katikati ya Uingereza. Nimeamua gari hili libebwe juu ya trela badala ya kuendeshwa njia nzima, kwa sababu matairi laini ya uwanjani hayaaminiki kwenye mvua ya barabara kuu, na kwa sababu gari la michezo likivunjika gia au klachi ugenini, mwenye trela hurudi nalo nyumbani bila kumsubiri mtu. Trela lenyewe bado sijalichagua, na sitalichagua mpaka nijue kwa yakini gari langu la kuvutia trela, ambalo ni stesheni wagoni la dizeli, linaruhusiwa kuvuta nini.

Nimeanza na kibao cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Kina mistari minne ya kilo, ambayo kwenye magari ya Ulaya hufuata mpangilio mmoja: wa kwanza ni uzito wa juu wa gari pamoja na abiria na mizigo yake, wa pili ni uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, wa tatu ni kikomo cha ekseli ya mbele, na wa nne ni kikomo cha ekseli ya nyuma. Kwangu inasomeka 2,300, kisha 4,300, kisha 1,150 na 1,300. Ukitoa mstari wa kwanza kwenye wa pili unapata kilo 2,000, na hicho ndicho kiasi ambacho gari hili linaweza kuvuta hata likiwa limejaa mizigo. Kadi ya usajili inathibitisha: mstari wa O.1, ambao ni wa trela lenye breki, unasema 2,000, na mstari wa O.2, ambao ni wa trela lisilo na breki, unasema 750. Mstari wa G, yaani uzito wa gari likiwa tayari kwa safari, dereva na mafuta yakiwa yamehesabiwa, unasema 1,750. Nyuma ya gari, kwenye kibati kilichopigwa muhuri karibu na tufe la chuma la kukokotea, kuna tarakimu moja zaidi ambayo watu wengi huiruka: kilo 90. Huo ndio mgandamizo wa juu ambao ncha ya trela inaruhusiwa kuuweka juu ya tufe.

Kadi ya Porsche nayo nimeisoma, kwa sababu kuna madereva wa magari ya michezo wanaopenda kufunga kitrela kidogo cha matairi ya akiba nyuma ya gari lenyewe la mbio. Mistari ya O.1 na O.2 kwenye kadi yangu ni mitupu. Mstari mtupu mahali hapo usidhaniwe tu kwamba karani alisahau; mara nyingi unamaanisha kwamba gari halikuidhinishwa kuvuta kitu chochote, hata kitrela kinachoonekana chepesi kama toroli. Magari mengi ya michezo yako hivyo, na sababu zinaeleweka: sehemu ya nyuma ya bodi haikutengenezwa kubeba kishikio cha kukokotea trela, na upoozaji wa injini na uimara wa klachi havikupimwa kwa kazi ya kuanza mwendo mlimani na mzigo nyuma. Anayefunga kishikio cha dukani kwenye gari la namna hiyo anabeba mwenyewe dhamana yote mbele ya polisi na mbele ya bima.

Jioni nimeipeleka Porsche kwenye mizani ya malori. Kiwanda kilitaja kilo 1,320 kwa gari la aina hii lilipokuwa jipya. Mizani imesema 1,380, tangi likiwa nusu na mimi nikiwa nje, kwa sababu ndani kuna fremu ya chuma ya usalama. Tofauti hiyo ya kilo 60 nitaihitaji kesho.

Jumanne

Siku nzima imekwisha kwenye yadi ya matrela, na kwa maoni yangu hakuna siku ya safari hii yenye uzito kuliko hii.

Nimeingia na hesabu moja mkononi: kilo 2,000 ambazo gari linaruhusiwa kuvuta, ukitoa kilo 1,380 za Porsche, zinabaki kilo 620. Ndani ya kilo hizo 620 lazima litoshe trela lenyewe pamoja na winchi yake, tairi lake la akiba, mikanda, na kila kitu kitakachowekwa juu yake. Muuzaji alianza kwa kunionyesha trela lililofunikwa, boksi zuri lenye milango na taa za ndani, ambalo huliepusha gari na mvua, mawe na macho ya wezi. Uzito wake likiwa tupu ni kilo 1,100. Pamoja na Porsche ni 2,480, na hapo mazungumzo yakaisha. Anayetaka boksi la namna hiyo anahitaji kwanza gari la kuvutia lenye uwezo wa kilo 2,700 au 3,500, yaani kwa kawaida ni gari kubwa la magurudumu manne au pikapu nzito. Trela la pili lilikuwa la chuma, la wazi, lenye ekseli mbili na sakafu nzima ya bati, kilo 690. Jumla ni 2,070. Limepitiliza kwa kilo 70. Muuzaji aliniambia kwamba kilo 70 si kitu, gari lako lina nguvu. Nguvu ya injini haikuwa na shaka. Lakini kikomo cha kuvuta hakiwekwi kwa ajili ya injini peke yake: kinawekwa pia kwa ajili ya breki, kwa ajili ya sehemu za bodi zilizoshika kishikio, na kwa ajili ya uwezo wa gari kuondoka kutoka kusimama kwenye mwinuko wa asilimia 12. Tena bima haisomi nguvu za farasi, inasoma kibao.

Trela la tatu ndilo nililolichukua: fremu ya chuma chepesi iliyochovywa zinki, njia mbili za aluminiamu za kupitishia magurudumu badala ya sakafu nzima, ekseli mbili zenye breki, na kitanda kizima kinachoinama kwa nyuma ili gari lipande. Katalogi inasema kilo 520. Kibao chake kinaruhusu jumla ya kilo 2,600.

Kuinama kwa kitanda si anasa kwa gari la michezo. Trela la kawaida la urefu wa sentimita 45 kutoka ardhini, likiwa na ngazi za kupandia za mita 1.5, linadai gari lipande kwa pembe ya digrii 17 hivi, na bampa la mbele la Porsche iliyoteremshwa litagusa chuma kabla tairi halijafika. Ngazi za mita 2.5 zinapunguza pembe hadi digrii 10. Kitanda kinachoinama kinaipunguza zaidi, na pia kinaondoa ile kona kali juu ya ngazi ambayo hukwaruza tumbo la gari katikati. Nimepima pia upana kati ya madigadi ya trela, yaani vifuniko vya juu ya magurudumu, kwa sababu milango ya magari haya ni mirefu na hufunguka karibu na ardhi. Trela nililolichagua lina madigadi la upande wa dereva linalofunguliwa kwa pini, bila hivyo dereva angetokea dirishani. Upana wote wa trela uko ndani ya mita 2.55 na urefu wake ndani ya mita 7, ambavyo ndivyo vikomo vya Uingereza kwa trela linalovutwa na gari lisilozidi kilo 3,500.

Kwa nini ekseli mbili, wakati ekseli moja nzito ingetosha kisheria na ingepunguza kilo kadhaa? Kwa sababu tairi moja likipasuka kwenye trela la ekseli mbili, lililobaki upande huo hulishikilia trela kwa muda wa kutosha kuegesha. Matairi nimeyasoma moja moja. Yana alama ya uzito 93, maana yake kila moja linabeba kilo 650, na manne yanafika 2,600 sawasawa na kibao. Tarakimu nne za tarehe, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, zinaonyesha kwamba bado ni machanga. Trela la michezo hukaa uani muda mrefu kuliko linavyotembea, na mpira wake huzeeka kwa jua kabla ya kuisha kwa lami. Ndiyo maana tarehe ni muhimu kuliko kina cha kashata za tairi.

Breki za trela ni za kusukumwa: gari la mbele likipunguza mwendo, trela hulisukuma kutoka nyuma, msukumo huo hubana fimbo kwenye ncha, na fimbo huvuta breki za magurudumu. Kwa kuwa trela lolote linalozidi kilo 750 nchini Uingereza lazima liwe na breki, hapakuwa na haja ya kujadili. Nililokagua ni kwamba shokapu ya ncha ya trela inarudi polepole inaposukumwa kwa mkono, na kwamba waya wa usalama, ule unaofunga breki trela likichomoka, una mahali pake maalumu pa kunasishwa kwenye kishikio cha gari.

Jumatano

Leo ni siku ya mizani. Trela tupu, likiwa na winchi, tairi la akiba na mikanda, limepima kilo 560. Katalogi haikudanganya, ilipima trela bila vitu hivyo vitatu. Jumla na Porsche ni 1,940, na zimebaki kilo 60 kabla ya kikomo. Kwa sababu hiyo magurudumu manne ya akiba, kilo 80 kwa pamoja, pamoja na jeki na zana za kilo 40, vyote vimeingia kwenye buti la gari la kuvutia, ambalo lina nafasi ya kutosha chini ya kilo zake 2,300.

Kupakia Porsche 911 kunahitaji akili tofauti na kupakia gari lenye injini mbele. Injini yake iko nyuma ya ekseli ya nyuma, na asilimia 62 hivi ya uzito wote imekaa huko. Gari likipandishwa kwa pua, kama ilivyo kawaida, na kusimamishwa katikati ya kitanda kwa kutazama macho tu, uzito wake mkubwa unaangukia nyuma ya ekseli za trela, ncha ya trela inanyanyuka, na trela linageuka kuwa kitu kinachosubiri upepo mmoja wa lori ili lianze kuyumba. Trela lenye ncha nyepesi huyumba kwa sababu uzito wa nyuma unapoanza kwenda upande, hakuna kitu mbele cha kuurudisha.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inafaa kufanywa kwa kalamu. Umbali kati ya ekseli za mbele na za nyuma za Porsche ni mita 2.35, asilimia 62 ya hapo ni mita 1.46, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko mita 1.46 nyuma ya magurudumu ya mbele. Kitovu hicho ndicho kinachotakiwa kukaa mbele kidogo ya katikati ya ekseli mbili za trela. Kutoka katikati hiyo hadi kwenye tufe ni mita 3.5. Kila sentimita 10 ambazo gari linasogezwa mbele, mgandamizo kwenye tufe unaongezeka kwa 1,380 mara 0.10 gawanya kwa 3.5, yaani kilo 39 hivi. Trela tupu lilikuwa linagandamiza kilo 45. Nilitaka 80, ili nibaki chini ya kikomo cha 90 lakini nisiwe mbali nacho, kwa hiyo kitovu cha gari kilitakiwa kuwa sentimita 9 mbele ya katikati ya ekseli. Tumeivuta kwa winchi hadi hapo, tukashusha ncha ya trela juu ya mizani ndogo ya mgandamizo, kwenye urefu ule ule wa tufe la gari, na mshale ukasimama kwenye 80. Fundi wangu akachora mstari mweupe kwenye njia ya aluminiamu mbele ya tairi, ili kila upakiaji ujao usimamie hapo hapo.

Kisha tumerudi kwenye mizani kubwa na kupima kila kitu kwa mafungu. Gari la kuvutia likiwa peke yake, mimi nikiwa ndani: 1,960. Gari na trela vikiwa vimeunganishwa: 3,900, chini ya 4,300 kwa nafasi nzuri. Ekseli za trela peke yake juu ya mizani: 1,860, ambayo ni 1,940 ukitoa zile 80 zilizohamia kwenye tufe. Ekseli ya nyuma ya gari nayo nimeipima, maana kilo 80 kwenye tufe haziongezi kilo 80 kwenye ekseli. Tufe liko mita 1.1 nyuma ya ekseli, na gari lina urefu wa mita 2.8 kati ya ekseli zake. Kwa kanuni ya wenzo, ekseli ya nyuma inabeba 111 zaidi na ya mbele inapungukiwa 31. Mwenye buti lililojaa matairi anaweza kuwa salama kwenye mistari mitatu ya kibao na kuvunja wa nne bila kuona dalili yoyote usukanini.

Mikanda tumeifunga kwenye magurudumu, mmoja kwa kila tairi, badala ya kuifunga kwenye bodi. Springi za gari zikiachwa huru, kila tuta linamezwa na springi na mkanda haulegei. Ukifunga bodi, springi hubanwa na kuachiwa kwenye kila shimo, na mkanda uliokazwa asubuhi huwa umelegea kufikia mchana. Kibandiko cha buluu kwenye kila mkanda kinataja uwezo wa daN 2,500 (daN, yaani dekanyutoni, ni kipimo cha nguvu kinachokaribia uzito wa kilo moja). Kanuni za Ulaya za ufungaji zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake, na pembeni na nyuma kwa 0.5, kwa Porsche yangu, mbele ni daN 1,080 hivi. Uwezo huo upo, na ziada.

Alhamisi

Tumeondoka alfajiri kwa barabara kuu ya M1, tukaingia M25, kuelekea M20 na Folkestone. Mwendo wa juu kwa gari lenye trela nchini Uingereza ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu na kwenye barabara zenye njia mbili zilizotenganishwa, na maili 50 kwenye barabara za kawaida. Njia ya kulia kabisa kwenye barabara kuu yenye njia tatu au zaidi imekatazwa. Kwa leseni sikuwa na shaka: tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya gari dogo kule England, Scotland na Wales anaruhusiwa kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Ruhusa hiyo ya leseni haibadilishi hata kilo moja ya kibao cha gari. Nimewasikia watu wakizungumza kana kwamba mwaka 2021 magari yao yaliongezewa uwezo, na jambo hilo linanitia wasiwasi kila ninapoona kigari kidogo kikiburuta boksi kubwa.

Baada ya maili 20 za kwanza tumesimama. Mikanda miwili ya nyuma ilihitaji kukazwa kidogo, kwa sababu matairi yalikuwa yamejikalia vizuri kwenye njia. Nimegusa kitovu cha kila gurudumu la trela kwa kiganja. Yote yalikuwa na joto sawa, dalili kwamba hakuna breki inayoshika wala beringi inayokufa.

Daraja la Queen Elizabeth II pale Dartford, ambalo magari yanayokwenda kusini hupita juu yake, lilikuwa na upepo mkali wa ubavu. Lori mbili zilitupita zikifuatana. Nilihisi gari likivutwa kidogo upande wa lori, likaachiwa, na trela likafuata mstari mmoja bila kujibu. Hiyo ndiyo kazi ya zile sentimita 9. Kama lingeanza kuyumba, dawa ni kuachia mafuta, kushika usukani sawa na kuacha mwendo ushuke wenyewe; kukanyaga breki kwa nguvu au kuongeza kasi ili kulinyoosha huzidisha kuyumba.

Folkestone tumeingia kwenye treni ya chini ya bahari, kwenye mabehewa ya ghorofa moja ambayo ndiyo hupokea magari yenye trela, na baada ya dakika 35 tulikuwa Ufaransa. Huko mseto wa gari na trela ambao uzito wake ulioruhusiwa unazidi kilo 3,500 hauruhusiwi kupita kilomita 90 kwa saa kwenye barabara kuu. Tumelala karibu na mpaka wa Ubelgiji.

Ijumaa

Tumeifuata barabara kuu ya E40 kupitia Ghent na Brussels hadi Liège, kwa mwendo ule ule wa 90. Huko tumempakia rafiki yangu, Mkongo mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye Jumamosi ataendesha nami uwanjani. Kabla hatujaondoka akasimama upande wa dereva.

"Kaka, umetoka mbali. Lete usukani nikupumzishe mpaka Ujerumani."

"Leseni yako ina herufi gani?"

"B. Si ndiyo ya magari?"

Nilimweleza, na ninaeleza hapa kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchanganya maswali mawili. Leseni ya B ya Umoja wa Ulaya inaruhusu trela la hadi kilo 750, au zito zaidi iwapo jumla ya gari na trela haizidi 3,500. Nyongeza inayoitwa B96 inapandisha jumla hiyo hadi 4,250. Zaidi ya hapo ni BE, ambayo inaruhusu trela la hadi 3,500. Lakini kilo zinazohesabiwa kwenye leseni si zile za mizani. Ni zile zilizoandikwa kwenye vibao. Kibao cha gari langu ni 2,300 na cha trela ni 2,600: jumla 4,900.

"Na tukilishusha gari hapa, trela likawa tupu?"

"Bado ni 4,900. Kibao hakishuki na gari."

Hata kama ningemwomba mtengenezaji wa trela anitolee kibao kipya cha kilo 2,000, jambo ambalo watengenezaji wengi hukubali kulifanya, jumla ingekuwa 4,300 na ingezidi B96 kwa kilo 50. Kwa upande wa kikomo cha gari mambo ni kinyume: nchini Uingereza na Ujerumani kinachotazamwa hapo ni uzito halisi wa trela barabarani, ndiyo maana trela lenye kibao cha 2,600 linavutwa kihalali na gari lenye kikomo cha kuvuta cha 2,000 mradi mizani iseme 1,940. Leseni huulizwa na vibao, gari huulizwa na mizani, na jibu la moja halimwokoi mtu kwenye swali la pili. Rafiki yangu alikaa kiti cha abiria, akachukua kazi ya ramani. Uzito wake, kilo 80, nilikuwa nimeshauhesabu.

Baada ya kuvuka mto Meuse barabara hupanda, na kutoka Battice tumeingia E42 kupitia Verviers na Malmedy, kwenye vilima vya Ardennes. Ujerumani tumeingilia barabara kuu ya A60 hadi Prüm. Mwendo wa kisheria kwa trela huko ni kilomita 80 kwa saa. Kuna idhini ya kwenda 100 kwenye barabara kuu, ila ina masharti: matairi ya trela yasifikishe miaka 6, gari liwe na breki za ABS, yaani zinazozuia magurudumu kujifunga, na uzito ulioruhusiwa wa trela lenye breki na shokapu usizidi mara 1.1 ya uzito wa gari tupu, au mara 1.2 likiwa na kifaa cha kuzuia kuyumba. Kwa gari la kilo 1,750, mara 1.2 ni 2,100. Trela la kibao cha 2,600 halipiti, hata lingekuwa jipya. Tumekwenda 80, na sikuona tulichopoteza.

Kutoka Prüm, barabara ya B410 inateremka hadi bonde la mto Kyll pale Gerolstein. Kwenye mteremko mrefu breki za kusukumwa zina tabia ya kujua: gari la mbele likishikiliwa na breki ya mguu muda wote, trela nalo linabana breki zake muda wote, na ngoma zinachemka. Nimeshuka gia kabla ya mteremko kuanza, nikaacha injini ibebe kazi, na kutumia breki kwa vipindi vifupi vyenye nguvu, kisha kuachia kabisa ili chuma kipoe. Chini ya bonde vitovu vya magurudumu vilikuwa na joto ambalo kiganja kinalivumilia.

Jumamosi

Tumefika Nürburg jana jioni, na trela limelala kwenye maegesho likiwa na kufuli ya ncha na nyingine ya gurudumu. Kushusha gari kulichukua muda mfupi: trela lilibaki limeungwa kwenye gari la kuvutia, breki ya mkono imefungwa, kitanda kikainama, Porsche ikarudi nyuma polepole winchi ikiishikilia. Mwenye kushusha gari kutoka trela lisilofungwa kwenye gari la mbele hugundua kwamba uzito ukifika nyuma ya ekseli, ncha nzima huruka juu.

Ya uwanjani yana simulizi yake. Linalohusu trela ni lililotokea jioni wakati wa kupakia. Tangi la Porsche lilikuwa karibu tupu, na kwenye 911 tangi liko mbele, takriban mita 1.5 mbele ya katikati ya ekseli za trela likiwa limesimama kwenye mstari wetu mweupe. Lita 32 zilizopungua tangu tulipopima Jumatano ni kilo 24 za petroli. Mara 1.5, gawanya kwa 3.5, tufe limepungukiwa kilo 10 hivi, na mizani ndogo ikathibitisha: 70. Sheria ya Ujerumani inataka ncha igandamize angalau asilimia 4 ya uzito halisi wa trela, ingawa haidai zaidi ya kilo 25, kwa hiyo 70 ni halali. Lakini asilimia 4 ya trela letu ni 77, na mbele yetu kuna daraja la Liège, lori za E40 na upepo wa pwani ya Calais. Rafiki yangu alizungusha winchi, mimi nikashika rula. Tumeisogeza Porsche sentimita 3 mbele ya mstari, mshale ukapanda hadi 81, na fundi atachora mstari wa pili tukifika, wa tangi tupu.